Kuchagua rola ya tanga la mbele kwa mashua ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mwenye mashua ya mita 5 hadi 9 anapofikiria kuachana na tanga la mbele la kulabu (linaloshikizwa kwenye waya wa mbele kwa kulabu) na kufunga rola. Yanaanza na ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Kila jibu linajitegemea. Palipo na maelezo zaidi kwingine, utaelekezwa.

## Ya msingi

Rola ya tanga la mbele ni nini hasa?

Ni kifaa kinacholiviringa tanga la mbele mahali lilipo, badala ya kulitua sitahani. Chini, karibu na omo, kuna ngoma yenye kamba. Juu kuna swiveli, yaani kiungo kinachozunguka, inayopandishwa na henza, kamba ya kupandishia tanga. Katikati, waya wa mbele unaoshikilia mlingoti umevishwa bomba refu lenye mfereji, ambalo wauzaji huliita foili. Ukingo wa mbele wa tanga huingia kwenye mfereji huo. Ukivuta kamba ya ngoma ukiwa umekaa penye usukani, ngoma na foili huzunguka pamoja na tanga hujiviringa. Ukitaka kulifungua, unalegeza kamba hiyo na kuvuta demani, kamba ya kuongozea tanga.

Wazo lenyewe si geni. Rola za Wykeham-Martin zilianza kutumika Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ngoma chini na swiveli juu, bila foili. Muundo huo bado upo kwenye mashua ndogo kabisa.

Mashua yangu ni ndogo. Kweli ninaihitaji?

Inategemea unasafiri na nani. Anayeongoza mashua peke yake, au akiwa na watoto, ataona faida tangu siku ya kwanza: hakuna tena kupiga magoti omo mawimbi yakimrukia huku tanga likimponyoka mikononi. Ukikaribia gati unalikunja kwa sekunde chache na mbele unaona wazi.

Lakini rola ina gharama zake zisizoandikwa kwenye risiti. Inaongeza uzito juu, upepo unapata kitu cha kushika hata tanga likiwa limekunjwa, na waya unaobeba mlingoti unafichwa machoni. Kwa mashindano, au kwa kimashua cha mita 4 kinachovutwa na gari kila wikendi, mimi ningebaki na kulabu na kuongeza kamba ya kushushia. Kamba hiyo hupanda kupitia kulabu hadi kichwani mwa tanga, na kurudi chini hupitia kapi dogo la omo hadi penye usukani. Bei yake ni ndogo mno, na inamaliza nusu ya shida zinazowafanya watu wanunue rola.

Kukunja tanga na kupunguza tanga kwa rola ni jambo moja?

Hapana. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Rola ya kukunja tu haina foili. Tanga lina waya wake ndani ya ukingo wa mbele, na waya huo ndio unaozungushwa. Ama tanga limefunguka lote ama limekunjwa lote. Ukiliacha nusu kwenye upepo mkali, chini litakuwa limeviringika na juu bado linafunguka, kwa sababu waya unajisokota njiani kabla nguvu ya ngoma haijafika kichwani.

Rola ya kupunguza ina foili ngumu inayopeleka mzunguko wa ngoma hadi juu bila kujisokota. Hiyo ndiyo inayokuruhusu kubaki na theluthi mbili za tanga na kuendelea na safari. Muulize muuzaji swali hili kabla ya kuuliza bei, maana kwenye picha aina hizi mbili zinafanana sana.

## Aina zilizopo

Foili ya alumini au ya plastiki?

Alumini ni ngumu zaidi, inapunguza tanga vizuri zaidi, na ndiyo chaguo la kawaida kwa mashua ambayo mlingoti wake haushushwi ila mara chache. Seldén (kwa jina la Furlex), Profurl na Harken wote hutengeneza rola za aina hii kwa mashua ndogo. Ubaya wake ni kwamba ikipinda haikunjuki. Fundi asiye mwangalifu akishusha mlingoti na kuiacha foili ining'inie bila kuegemezwa, kipande kimoja kimekwisha.

Plastiki hupinda na kurudi. Kampuni ya CDI wamejijengea jina kwa muundo huu: foili ni kipande kimoja, henza imo ndani ya foili yenyewe, na juu hakuna swiveli. Kwa kuwa hakuna swiveli wala henza ya nje, ile balaa ya henza kujiviringa kwenye waya (tazama sehemu ya matatizo) haipo kabisa. Unachokosa ni wepesi wa kurekebisha mkazo wa henza ukiwa safarini, pamoja na ule ugumu unaohitajika tanga likiwa limepunguzwa sana. Kwa mashua ya mita 6 ya kuvutwa na gari, ambayo mlingoti wake hupanda na kushuka kila safari, mimi ningeanzia hapo.

Beringi zipi ni bora, za wazi au zilizozibwa?

Zote zinafanya kazi, zinatofautiana matunzo tu. Harken hutumia vigololi vya plastiki ngumu vilivyo wazi: vinasafishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na havitaki grisi. Ukivitia grisi unavigandisha kwa vumbi na chumvi. Profurl huziba beringi zao pamoja na grisi ndani, kwa hiyo huna la kufanya hadi mpira wa kuzibia uchakae. Furlex hutaka kuongezewa grisi kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu chake.

Jiulize kwa ukweli: je, wewe ni mtu wa kuosha mashua kwa maji baridi kila ukirudi? Kama si wewe, chagua zilizozibwa.

Kwa nini foili nyingine zina mifereji miwili?

Ni kwa washindani, ili tanga jipya lipandishwe kabla la zamani halijashuka. Kwa matembezi mfereji mmoja unatosha, na wa pili hauna madhara.

Rola za kamba isiyo na mwisho (iliyounganishwa ncha zake) zinafaa?

Zinafaa kwa matanga mepesi yanayowekwa mbele ya waya mkuu na kuondolewa baada ya matumizi. Tanga hukunjwa kwa kamba nene isiyojisokota, halafu hushushwa likiwa limeviringwa. Si mbadala wa rola ya tanga la kila siku, na nyingi hazikukusudiwa kupunguza tanga.

## Vipimo vya kuchukua kabla ya kununua

Nipime nini?

Urefu wa mashua peke yake hautoshi, ingawa ndio kwanza muuzaji atakaouliza. Kinachoamua ni waya wa mbele na viungo vyake.

Pima kipenyo cha waya kwa kalipa, si kwa rula: kati ya waya wa mm 4 na wa mm 5 kuna tofauti ya saizi nzima ya rola. Pima urefu kutoka katikati ya pini ya juu hadi katikati ya pini ya chini. Pima pini zote mbili kwa kipenyo, na nafasi zinapoingia. Kisha angalia henza inatokea wapi mlingotini ukilinganisha na mahali waya unapofungwa: juu yake, chini yake, au usawa, na kwa umbali gani. Watu wengi huruka kipimo hiki cha mwisho, nacho ndicho kinachosababisha matatizo mengi kuliko vyote. Piga picha ya kichwa cha mlingoti na uende nayo dukani.

Mwisho, pima ukingo wa mbele wa tanga ulilonalo. Rola inakula nafasi chini kwa ngoma na juu kwa swiveli, hivyo huenda tanga likawa refu mno.

Nipo katikati ya saizi mbili. Nichukue ipi?

Kwa maji yaliyokingwa na matembezi ya mchana, ndogo, mradi kipenyo cha waya na pini vinaruhusu. Kwa bahari ya wazi, kubwa. Zaidi ya nguvu, ngoma kubwa humpa mvutaji wepesi, kwa sababu kamba inavuta mbali zaidi na mhimili.

Ngoma inatakiwa ibebe kamba kiasi gani?

Fanya hesabu, usikisie. Chukua tanga lenye ukingo wa chini wa mita 4. Mwanzo linaviringika kwenye foili nyembamba, mwisho linaviringika juu ya bunda la kitambaa. Tuseme wastani wa mzingo ni sm 20. Hiyo ni mizunguko 20. Ongeza 3 ya demani kujizungusha juu ya tanga lililokwisha kukunjwa, na 5 ya akiba, kwa maana kwenye upepo mkali tanga hujiviringa kwa kubana na kutaka mizunguko zaidi. Jumla 28. Kama kamba kwenye ngoma ina mzingo wa wastani wa sm 25, unahitaji mita 7 ndani ya ngoma tanga likiwa limefunguka lote.

Kamba ikiwa fupi, tanga halitakunjwa lote siku unapolihitaji likunjwe. Ikiwa nyingi mno, ngoma inajaa na kukwama unapofungua. Kwa mashua ndogo, kamba ya mm 6 au 8 ndiyo ya kawaida. Nyembamba inakata viganja, nene haiingii.

## Tanga lenyewe

Naweza kutumia tanga langu la zamani?

Mara nyingi ndiyo, ukimpelekea mshona matanga. Atatoa kulabu na kushona utepe wenye kamba ndogo ndani, unaoingia kwenye mfereji wa foili. Utepe lazima ulingane na mfereji: kwa mashua ndogo ni mm 5 au mm 6 mara nyingi, na tofauti hiyo ya milimita moja ndiyo ya tanga kupanda kwa mkono mmoja au kugoma kabisa. Mpe kipande cha foili au jina na saizi ya rola.

Kama kitambaa kimelegea na kuvutika, usitumie pesa juu yake. Tanga lililochoka huwa na tumbo kubwa, na likipunguzwa tumbo huzidi.

Kitambaa cha kukinga jua ni cha lazima?

Ndiyo, kama tanga linabaki juu likiwa limekunjwa. Ni ukanda unaoshonwa kwenye ukingo wa nyuma na wa chini, ili tanga likikunjwa uonekane ukanda huo peke yake. Jua hula uzi kabla ya kitambaa, kwa hiyo kagua mishono kwanza. Wengine huvalisha tanga soksi ndefu inayopandishwa kwa henza ya pili. Ni nyepesi kuliko ukanda, ila kwenye upepo huwa vita kuipandisha.

Ukanda wa jua unabaki ndani tanga likikunjwa. Nimekosea kununua?

Hapana, kamba imezungushwa ngoma upande usio wake. Tanga lazima liviringike hivi kwamba upande wenye ukanda ubaki nje. Fungua kamba yote kwenye ngoma, izungushe upya kinyume na ilivyokuwa, na kama rola yako ina tundu la kutokea kamba, ligeuzie upande mwingine.

Tanga linaweza kupunguzwa kiasi gani kabla halijaharibika umbo?

Kiasi cha asilimia 30 ya eneo lake, zaidi ya hapo linakuwa gunia. Hii ina maana tanga kubwa linaloenda nyuma ya mlingoti linaweza kupungua likafika mlingotini na bado likafanya kazi. Usitegemee kulifanya tanga la dhoruba.

Ukanda wa sponji ulioshonwa nyuma ya ukingo wa mbele unasaidia kwelikweli, kwa kuwa hunenepesha katikati na kumeza tumbo la tanga. Na ukipunguza, sogeza mbele kapi la demani. Ukilisahau, ukingo wa juu utapigapiga na wewe utailaumu rola.

## Kufunga

Naweza kufunga mwenyewe?

Kwa mashua ndogo, ndiyo, kazi ya siku moja kwa mtu anayejua kusoma kitabu cha maelekezo bila haraka. Mlingoti ukiwa chini kazi ni rahisi na salama zaidi. Ukiwa juu, kabla hujagusa pini ya waya wa mbele, funga henza mbili omoni na uzikaze. Wakati huo hizo ndizo zinazozuia mlingoti usianguke.

Sehemu inayotia hofu ni kukata waya, maana rola nyingi hutaka waya mfupi kidogo ili ngoma ipate nafasi. Kichwa cha kufunga kwa mkono, kama cha Sta-Lok, kinakuwezesha kupitisha waya ndani ya foili kwanza kisha kukifunga chini. Kama waya wako una miaka karibu 10, weka mpya sasa hivi. Furlex huja na waya mpya kwenye kifurushi, jambo la kukumbuka unapolinganisha bei.

Viungo vinavyocheza pande zote viwepo juu na chini. Tanga likivuta pembeni, waya unainama. Bila kiungo kinachocheza, waya unapindwa mahali pamoja kila wimbi, hadi nyuzi zake zianze kukatika.

Nanga yangu inagonga ngoma. Nifanyeje?

Inua ngoma kwa mabamba mawili ya chuma kisichoshika kutu, yanayouzwa na watengenezaji wengi kama nyongeza. Kumbuka kupunguza urefu huo kwenye tanga.

Kamba ya ngoma ipitie wapi?

Kando ya mashua, kwenye vikapi vilivyofungwa chini ya nguzo za pembeni, hadi penye usukani. Kikapi cha kwanza kutoka ngomani ndicho muhimu: kamba iingie ngomani kwa pembe mraba na mhimili, katikati ya urefu wa ngoma. Ikiingia kwa juu au kwa chini italundikana upande mmoja na kujibana. Vikapi vyenye roda vigharimie. Vipete vya plastiki huongeza msuguano usioonekana hadi siku ya upepo.

## Matumizi na matatizo

Rola inazunguka nusu kisha inagoma. Ni nini?

Kwanza kabisa: usitumie winchi. Inua macho utazame juu.

Mara nyingi henza imejiviringa kwenye waya. Hutokea henza inapokwenda sambamba mno na waya. Swiveli ikizunguka, inaikokota pamoja nayo. Ukilazimisha kwa winchi unaufumua waya wa mbele nyuzi kwa nyuzi, na mlingoti unaweza kuanguka. Tiba ni pembe: kati ya henza na waya pawe na digrii 8 hadi 10 hivi, au kadiri kitabu cha rola yako kinavyotaja. Kama henza inatokea juu mno, funga kikapi cha kuivuta nyuma kwenye uso wa mlingoti. Profurl huweka kizuizi maalumu juu ya foili kwa ajili hiyo.

Chanzo cha pili ni tanga fupi. Likiwa fupi, swiveli inabaki mbali na mwisho wa foili na henza inapata nafasi ya kuzunguka. Ongeza kipande cha waya kati ya kichwa cha tanga na swiveli, ili swiveli ifike karibu na juu. Usikiongeze chini kwenye ngoma, hakitasaidia kitu.

Vyanzo vingine: henza nyingine iliyoachwa imelegea karibu na waya ikanaswa na foili, waya wa mbele uliolegea ukawa kama upinde, au kamba iliyojifunga ndani ya ngoma.

Kamba inajifunga ndani ya ngoma kila nikifungua tanga.

Tanga linafunguka kwa kasi kuliko kamba inavyojipanga. Unapofungua, ishike kamba ya ngoma ikiwa na mkazo mdogo mkononi, usiiachie kabisa. Na unapokunja, ishike demani vivyo hivyo, ili tanga lijiviringe kwa kubana. Tanga lililokunjwa legelege ndilo upepo wa usiku hulipenyeza na kulifungua.

Upepo ukizidi, nikunjeje?

Elekeza mashua upepo utoke nyuma kidogo, tanga kuu lilikinge la mbele, legeza demani taratibu na uvute kamba. Kwenye mashua ndogo mkono unapaswa kutosha. Ukiona hautoshi, rudi kwenye jibu la rola inayogoma.

Nikiiacha mashua wiki nzima, nifanye nini?

Demani zizungushe tanga mara mbili tatu, kamba ya ngoma ifungwe mahali isipofunguka, na funga mkanda juu ya tanga pale mkono unapofika. Dhoruba kubwa ikitabiriwa, litoe tanga kabisa. Tanga lililofunguka lenyewe bandarini hupasuka, na kabla ya hapo huwa limeshautikisa mlingoti wote.

Matunzo yanataka nini?

Maji baridi kwenye ngoma na swiveli. Kotapini na skrubu za viungo vya foili zikaguliwe kila msimu. Skrubu za stenlesi kwenye alumini hushikana kwa kutu ya chumvi. Zipakwe dawa ya kuzuia hilo tangu siku ya kufunga. Waya ulio ndani ya foili huuoni, basi kagua ncha zake mbili, na usingoje dalili ndipo uubadilishe.

## Hali za pekee

Nimepata rola iliyotumika. Nichukue?

Kama ni ndefu kuliko waya wako, inawezekana: foili hukatwa. Kama ni fupi, sahau, isipokuwa mtengenezaji bado anauza vipande na viungio vyake. Zungusha ngoma na swiveli kwa mkono. Mkwaruzo wowote ni beringi. Tazama foili kwa urefu kama unavyotazama ubao, ukitafuta mpindo. Halafu hakikisha inakubali kipenyo cha waya wako na pini zako.

Mlingoti wangu hushushwa kila safari. Foili ya alumini itavumilia?

Itavumilia ukiitunza. Foili ikilala huwa inapita mwisho wa mlingoti, na kipande hicho kinachoning'inia ndicho hupinda barabarani. Ifunge kwenye mlingoti kila mita moja, na ngoma iegemee kitu. Kama hilo linakuchosha kulisoma, rudi kwenye jibu la foili ya plastiki.

Nikifunga rola, tanga la dhoruba nitaliweka wapi?

Njia nzuri ni waya wa pili wa ndani unaofungwa na kufunguliwa, wenye sehemu imara ya kushikiliwa sitahani na mlingotini. Njia nyepesi ni tanga dogo linalozunguka tanga lililokunjwa na kujifunga nyuma yake kwa kulabu. La pili halihitaji kutoboa kitu, lakini jaribu kulipandisha siku ya upepo mdogo kwanza, kwa sababu linahitaji mikono yote miwili omoni na mahali pa kujifungia mshipi wa usalama.